Hiyo si Kufua, ni Kupika

Kuna mambo tuliyoyapitisha bila kikao wala kura. Moja ni hili: damu ikiingia nguoni, teleka maji. Shuka la mzazi aliyerudi kutoka wodini, shati la mtoto aliyetokwa na damu puani, koti jeupe la muuza nyama buchani, sketi ya sare ya msichana wa shule, yote hukumu yake ni moja. Sufuria ipande jikoni, maji yachemke, yamwagwe kwenye beseni, na mwenye haraka aongeze vifuniko viwili vya Jik. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa damu ni ngumu, na kigumu hakitoki ila kwa kikali. Mama fua wa Nairobi atakuambia hivyo, dobi wa Kariakoo atakuambia hivyo, na shangazi aliyekuja kumuuguza mzazi hatakuambia kitu, atakupokonya ndoo afanye mwenyewe.

Mimi nasema wote hao wanakosea. Maji ya moto hayaitoi damu nguoni, yanaigandisha humo. Na Jik ikitangulia kabla damu haijaondoka ni kuiharibu nguo ili kulihifadhi doa. Najua maneno haya yatawaudhi watu wenye mikono iliyofua zaidi ya yangu. Lakini wingi wa kufua haujawahi kubadili tabia ya protini.

Tuanze na jambo analolijua kila mpita njia wa Nairobi jioni, magari yakiwa yamesimama na moshi wa makaa umetanda kando ya barabara. Muuza mutura ana utumbo uliojazwa nyama, viungo na damu. Damu ile iliingia humo ikiwa majimaji. Utumbo ukishachemshwa na kuchomwa, damu imeshikamana, rangi yake imekuwa ya kahawia inayokaribia weusi, na kisu kikipita haidondoki hata tone. Hakuna aliyetia gundi. Kilichofanya kazi hiyo ni moto tu. Basi mteja yuleyule anafika kwake, anakuta mwanawe ameanguka na kaptula ya shule ina damu, anateleka maji ili damu iyeyuke. Iyeyuke vipi? Sasa hivi ametoka kuila ikiwa imegandishwa na moto huohuo.

Zaidi kidogo ya nusu ya damu ni plazima, yale maji ya manjano ambayo sehemu kubwa, karibu asilimia 90, ni maji matupu, na protini zimo ndani yake, albumini ikiongoza kwa wingi. Sehemu iliyobaki ni chembe, nyingi kabisa zikiwa chembe nyekundu zilizosheheni hemoglobini, protini iliyobeba madini ya chuma na inayoipa damu rangi yake. Protini hizi zikiwa katika hali yake ya asili zimejikunja kwa mpangilio unaoziwezesha kuyeyuka majini. Joto likipita nyuzi 60 na kitu za Selsiasi, mkunjo huo hufumuka, protini hushikana zenyewe kwa zenyewe, na kilichokuwa kinayeyuka hakiyeyuki tena. Yakitokea hayo ndani ya sufuria, kuna chakula. Yakitokea katikati ya nyuzi za pamba, kuna doa litakalokaa na nguo hadi nguo iwe dekio.

Maji baridi hufanya kinyume. Chembe nyekundu ikizamishwa kwenye maji matupu huyafyonza hadi ikapasuka, hemoglobini ikamwagika nje, na kwa kuwa haijapikwa, inayeyuka na kwenda na maji. Ndiyo maana beseni la kwanza la maji baridi huwa jekundu. Watu wengi wakiuona wekundu huo hutishika, wakadhani doa linasambaa, wakamwaga maji haraka na kukimbilia jiko. Jamani, wekundu ule ndiyo damu inayoondoka! Beseni la maji ya moto halitishi. Maji yake hubakia ya rangi hafifu, na mwenye kufua hujipongeza kwamba hayakuchafuka sana. Hayakuchafuka kwa sababu damu imebaki kwenye nguo.

Imani hii haikuzuka hewani, na siwezi kuipinga bila kukiri kwamba ina wazazi wema. Wa kwanza ni mafuta. Kanzu iliyodondokewa na samli ya biriani huhitaji maji ya moto kweli, kwa sababu mafuta yakipata joto hulegea na sabuni ikayabeba. Aliyefanikiwa kwa mafuta akadhani amepata kanuni ya madoa yote. Wa pili ni mafunzo ya afya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya Watanzania kuzunguka redio wajifunze kuhusu maradhi na usafi, na tangu hapo kila mlipuko wa kipindupindu umekuja na wito wa kuchemsha maji ya kunywa. Wito sahihi, tena umeokoa watu. Lakini kichwani mwetu ukajengeka undugu kati ya moto na usafi, hata kitu kisichopitia motoni tukakiona hakijasafika. Wa tatu ni pasi. Tunapiga pasi hata nguo za ndani, kwa sababu nzi wa embe hutaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje na joto la pasi huyaua. Hilo nalo ni sahihi. Ila pasi hiyohiyo ikipita juu ya doa la damu ambalo halijaisha, kazi ya mutura imekamilika mezani.

Kinachonikera zaidi ni kwamba shule haikunyamaza. Masomo ya sayansi kimu na maarifa ya nyumbani, Tanzania na Kenya, yameliweka doa la damu katika kundi la madoa ya wanyama na kufundisha liloweke kwenye maji baridi yenye chumvi kabla ya sabuni. Wanafunzi wameliandika jibu hilo kwenye mitihani, wakapata alama zao, wakarudi nyumbani kuteleka maji. Elimu ilibaki kwenye karatasi, na beseni likabaki mikononi mwa shangazi.

Sasa Jik. Natumia jina hili kama linavyotumika mitaani, kwa kila dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, ya kampuni yoyote. Wapenzi wake wana hoja moja ambayo haikosi nguvu: doa linapotea mbele ya macho yao. Linapotea kweli, mara nyingine, kwenye pamba nyeupe. Lakini tazama kilichofanyika. Klorini haichagui kati ya rangi ya damu, rangi ya nguo na uzi wenyewe. Kanga ikiingia humo hutoka na kiraka cheupe kisichokuwa mjini wala pindoni mwake. Hariri na sufu, ambazo ni protini kama damu yenyewe, huliwa hadi zikaharibika. Nguo zenye nyuzi za kunyumbulika hugeuka manjano. Pamba huvumilia zaidi, lakini kila safari inatoka dhaifu kuliko ilivyoingia. Na kile chuma kilichomo kwenye damu hakipotei kwa sababu umekimwagia klorini. Huweza kubakia kwenye uzi kama kutu, ukaona kivuli cha manjano pale pale lilipokuwa doa, ukaongeza Jik, na kivuli kikazidi.

Halafu kuna hatari isiyohusu nguo. Mtu akiona Jik haikutosha huongeza ndimu, au siki, au ile dawa kali ya kusafishia choo. Klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu. Ikikutana na mkojo, kama ilivyo kwenye mashuka ya mtoto au mgonjwa, hutoa gesi nyingine inayowasha macho na kubana kifua. Watu wanafanya haya kwenye bafu la mita moja na nusu lililofungwa mlango ili majirani wasione wanachofua.

Hapo huinuka mtu wa hospitali, na lazima ajibiwe kwa heshima maana anajua anachokisema. Anauliza: mbona sisi tunafua mashuka ya damu kwa maji ya moto? Mbona tunatumia klorini kila siku? Ni kweli. Mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kwa mashine za kufulia za hospitali unataja nyuzi 71 za Selsiasi kwa dakika zisizopungua 25. Shirika la Afya Duniani linaelekeza myeyusho wa klorini wa asilimia 0.5 kwa damu iliyomwagika, kiasi unachokipata kwa kuchanganya kipimo kimoja cha dawa ya asilimia 3.5 na vipimo sita vya maji. Siyapingi hayo. Nauliza tu yanakuja hatua ya ngapi. Mashine ya hospitali huanza kwa kusuuza kwa maji baridi, damu itoke kwanza, ndipo joto lipandishwe. Na damu ikimwagika sakafuni, mhudumu hufundishwa aifute kwanza ndipo aweke klorini, kwa sababu damu yenyewe huimaliza nguvu klorini kabla haijafika kwenye kijidudu. Kwa mashuka ya kufuliwa kwa mkono agizo ni lilelile: uchafu utoke, sabuni ipite, na klorini, tena ile nyepesi ya asilimia 0.05, ije baadaye kwa nusu saa.

Hospitali, basi, haiungi mkono beseni la moto, inalikana. Tatizo letu ni kwamba tumechanganya kazi mbili tukazipa jina moja. Kuna kuondoa damu, na kuna kuua vijidudu. Kazi ya kwanza ni ya maji baridi, muda na sabuni. Kazi ya pili ndiyo ya joto na klorini, na hufanywa pale tu panapohitajika. Damu yako mwenyewe kwenye shati lako mwenyewe haihitaji vita vya kemikali. Damu ya mtu mwingine inahitaji uangalifu, kwani kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kudumu kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Basi vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi ukikosa glavu, toa damu kwa maji baridi, kisha chemsha au tia klorini utakavyo. Anayegeuza mpangilio huo hukosa yote mawili. Doa amelipika, na klorini yake imeishia kupigana na damu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya maabara, ya Wazungu, hayatuhusu. Kwa Waislamu wa pwani hoja hiyo ni ya ajabu, kwa sababu swali la damu nguoni liliulizwa Madina zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Katika riwaya ya Asma binti Abu Bakr, iliyomo kwenye Bukhari na Muslim, mwanamke aliuliza afanye nini nguo yake ikiingiwa na damu ya hedhi. Jibu la Mtume lilikuwa na hatua: aikwangue, aifikiche kwa maji, aisuuze, kisha aswali nayo. Katika riwaya nyingine, ya Umm Qays binti Mihsan, ametajiwa kijiti cha kukwangulia na maji yenye majani ya mkunazi. Mkunazi tunao hapahapa, majani yake ndiyo hayo ya kuoshea maiti, na yakisuguliwa majini hutoa povu kwa sababu yana saponini, sabuni ya kimaumbile. Kukwangua, maji, kufikicha, kitu cha povu, kusuuza. Tafuta moto humo, huuoni.

Tena mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao huu, wamesema rangi ikibaki baada ya kufua kwa bidii, na ikawa ngumu kutoka, imesamehewa, nguo ni tohara. Wao walijua kutenganisha usafi na kivuli cha doa. Sisi tuliokuja na Jik ndio tuliorudi nyuma, tukadai kwamba nguo si safi hadi alama ya mwisho ifutike, hata kama kufutika kwake ni kutoboka.

Kinachofanya kazi ni rahisi kiasi cha kuchosha. Doa likiwa bichi, geuza nguo, maji ya bombani yapite kutoka upande wa nyuma ili yaisukume damu itokee ilikoingilia. Loweka. Badilisha maji yakiwa mekundu, loweka tena. Pitisha sabuni ya mche, fikicha polepole, suuza. Chumvi inasaidia, ingawa sifa zake zimetiwa chumvi. Inayeyusha baadhi ya protini, zinazoitwa globulini, ambazo maji matupu hayaziwezi, kwa hiyo kijiko kimoja kwenye beseni kina maana, hasa kwa damu iliyoanza kukauka. Doa la jana ni jambo jingine. Chuma cha hemoglobini kimeshabadilika kikikutana na hewa, wekundu umekuwa kahawia, na hapo unahitaji usiku mzima wa kuloweka na msaada wa vimeng'enya.

Vimeng'enya navyo si jambo geni kwa mtu wa pwani. Mchoma mishkaki hupaka nyama papai bichi kabla ya kuipeleka motoni, kwa sababu utomvu wake una papaini, kimeng'enya kinachokatakata protini hadi nyama ngumu ikalainika. Mjerumani Otto Röhm alipata hataza mwaka 1913 ya kutumia vimeng'enya vya kongosho la wanyama kufulia nguo, na baadaye viwanda vikaanza kuvipata kutoka kwa bakteria kwa bei nafuu. Sabuni nyingi nzuri za unga leo zinavyo. Hapa ndipo imani ya moto inapogeuka kuwa hasara ya fedha taslimu: mtu ananunua sabuni ya bei juu kwa ajili ya vimeng'enya vyake, kisha anaimwagia maji yaliyochemka. Kimeng'enya nacho ni protini. Amelipika doa, na dawa yake akaipika pamoja nalo. Sabuni ya namna hiyo hutaka maji ya vuguvugu, nyuzi 30 hadi 40, na muda wa kutosha. Isipokuwa kwa hariri na sufu. Hizo zenyewe ni protini, na kimeng'enya hakijui kutofautisha.

Mafundi cherehani na washona kofia wanalijua hili bila kitabu. Fundi anayeshona kofia ya viua, sindano ikimchoma na tone likadondoka kwenye kitambaa cheupe alichokifanyia kazi kwa wiki kadhaa, hapigi kelele ya kutelekewa maji. Hulowesha uzi kwa mate yake, akaugonga juu ya tone hadi likaisha. Mate ni maji ya vuguvugu yenye vimeng'enya, na yapo mdomoni kabla damu haijakauka. Sijui hoja gani ya kitaalamu inayoweza kumshinda fundi huyo.

Kwa pamba nyeupe yenye doa sugu, duka la dawa huuza haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, kemikali iliyogunduliwa na Mfaransa Louis Jacques Thénard mwaka 1818. Ukiidondoshea juu ya damu huchemka povu papo hapo, maana damu ina kimeng'enya kinachoivunja kuwa maji na oksijeni. Inafifisha rangi, kwa hiyo ijaribu kwanza ndani ya pindo, na isuuze kwa maji baridi. Ndimu niiweke wapi? Mwisho kabisa, kwa ile kutu iliyobaki tu, tena kwa nguo isiyo na hata harufu ya klorini. Ndimu ikitangulia huharibu, kwani asidi hugeuza hemoglobini kuwa kahawia. Zahanati zetu zilitumia tabia hiyohiyo kwa miaka mingi kupimia wingi wa damu, kwa kipimo cha Sahli: damu hutiwa asidi ikawa kahawia, kisha rangi yake ikalinganishwa. Anayemimina ndimu kwenye doa bichi anafanya kipimo cha maabara kwenye shati lake. Coca-Cola na dawa ya meno ziache kwa matumizi yake.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba watu wanakosea kwa kutojua tu. Sidhani. Dawa ya damu ni maji baridi na subira, na subira inahitaji nafasi ya kuloweka beseni bila kuulizwa. Beseni la damu wengi hawana ruhusa ya kuliacha uani. Damu ya mtoto aliyeanguka inafuliwa bombani huku watu wakipiga soga. Damu ya hedhi inafuliwa usiku. Moto na Jik vinapendwa kwa sababu vinaahidi haraka, na haraka inatafutwa kwa sababu ya aibu.

Tarehe 14 Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia kwenye ukumbi wa Seneti ya Kenya akiwa amevaa suti nyeupe yenye doa jekundu. Wenzake walilalamika, na Spika Amason Kingi akamtaka atoke akabadilishe nguo. Ikiwa seneta hawezi kukaa na doa kwa muda wa mjadala mmoja, binti wa darasa la saba atawezaje kuloweka sketi yake usiku kucha kwenye bweni? Na kuna jambo zito zaidi ya hilo. Septemba 2019, katika kaunti ya Bomet, msichana wa miaka 14 alijiua. Mama yake alisema mwalimu alikuwa amemwita mchafu na kumtoa darasani kwa sababu ya doa. Anayesema mada hii ni ya sabuni tu ayasome hayo tena.

Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2004. Tanzania iliiondoa 2018, ikairudisha 2019. Kwa wasioweza kununua kila mwezi kuna vitambaa vya kufua na kutumia tena, na hivyo ndivyo vinavyoteswa kuliko nguo zote. Huchemshwa, huchovywa kwenye Jik hadi vikakakamaa, kisha huanikwa chini ya godoro au nyuma ya kabati vikiwa bado na unyevu, asije mtu akaviona. Kitambaa hicho kilihitaji mambo matatu, na yote ni ya bure au karibu na bure: maji baridi mapema, sabuni, na jua. Jua huua vijidudu vingi na hung'arisha mabaki ya doa kuliko kifuniko cha Jik, sharti likute damu imeshatoka. Aibu ndiyo inayokinyima jua, ikakipa klorini badala yake, na mwili wa mwenye kitambaa ndio unaopata muwasho.

Kuna damu moja tu ninayoomba isifuliwe kwa maji ya aina yoyote. Aliyepigwa, aliyebakwa, aliyekatwa, nguo zake ni ushahidi. Ndugu wa karibu huwahi kuzivua na kuzifua kwa huruma, au kwa kuogopa maneno ya watu, na pamoja na damu wanaondoa kesi. Ziache zikauke kivulini, zifungwe kwenye karatasi, kila nguo peke yake. Mfuko wa plastiki haufai, hutunza unyevu na kuozesha. Ziende na mwenyewe kituoni na hospitalini, pamoja na fomu ya polisi, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya. Kufua kutakuja baadaye, na hata kusipokuja si neno.

Imebaki hoja ya mwisho, ambayo hutajwa mtu akiwa ameishiwa: mbona mama alifua kwa maji ya moto miaka yote na madoa yakatoka? Mara nyingi mama, kabla ya kuteleka, alikuwa ameshaisuuza nguo bombani ili isichafue sufuria. Hiyo suuza ya kwanza ndiyo iliyofanya kazi, na sufuria ikachukua sifa. Mara nyingine yalitoka kwa Jik, yakaenda pamoja na uhai wa shuka, na shuka likageuzwa kuwa nepi na nepi ikawa kitambaa cha kupangusia meza kabla ya wakati wake. Na mara nyingine hayakutoka. Fungua kabati la nyumba yoyote, toa mashuka meupe ya zamani, uyaangalie dhidi ya mwanga wa dirisha.

Asiyeshawishika na maneno afanye jaribio. Siku mtakayochinja kuku, chukua kitambaa cheupe cha pamba, kikate vipande viwili, vyote vidondoshee damu ya kuku huyo. Kimoja kitie kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye maji ya bomba. Viache nusu saa, kisha vyote vifuliwe kwa mche uleule wa sabuni, na shangazi mwenyewe ndiye avifue. Hayo maji ya moto yatakayobaki, mnyonyoleeni kuku.